Karani wa London na Mji wa Bustani

Tunapoutaja mji wa kijani, wengi wetu hujiwa na picha ya miti iliyopandwa kandokando ya barabara, nyasi zilizokatwa vizuri na pengine chemchemi ya maji mbele ya jumba la serikali. Walimu huwafunza hivyo wanafunzi, na wanafunzi hujibu hivyo katika mitihani. Si kosa, ila hiyo ni nusu ya habari. Mtu aliyeieneza fikra ya mji wa bustani duniani, Mwingereza Ebenezer Howard, hakuanza na mti. Alianza na kodi ya kiwanja: yaani thamani ya ardhi inapopanda kwa sababu watu wengi wamekuja kuishi mahali, faida hiyo ni ya nani? Jina lake hutajwa kwa sentensi moja katika vitabu vya jiografia kisha likaachwa, nami nimeona si vibaya kuyasimulia maisha yake hapa kwa marefu kidogo.

Howard alizaliwa London tarehe 29 Januari 1850, baba yake akiwa mwoka mikate na mwuza vitu vitamu. Hakusoma sana. Akiwa na umri wa miaka 15 alikwisha kuacha shule na kuingia kazi ya ukarani. Kwa juhudi zake mwenyewe alijifunza hati mkato, na ujuzi huo ndio uliomlisha maisha yake yote. Jiji alimokulia lilikuwa kubwa kuliko yote duniani, na yamkini lilikuwa pia miongoni mwa yale machafu kabisa. Moshi wa makaa ya mawe uliziba jua. Maji taka yalimiminwa katika mto Thames, na Howard alipokuwa mtoto wa miaka minane, majira ya joto ya 1858, uvundo wa mto huo ulizidi kiasi cha kuwafanya hata wabunge, ambao jengo lao liko ukingoni, wasikalike. Maskini walirundikana chumba kimoja familia nzima, na kodi ya chumba hicho haikukoma kupanda, maana mashamba yalikuwa yakihamwa na kila treni ilileta vibarua wapya.

Mwaka wa 1871, akiwa kijana wa miaka 21, alivuka bahari pamoja na rafiki zake wawili kwenda Marekani kulima. Walipata ardhi huko Nebraska. Karani ni karani. Msimu mmoja ulitosha kumwonyesha kwamba jembe halikuwa lake. Alihamia Chicago, mji uliokuwa umeteketea kwa moto mkubwa wa Oktoba 1871 na sasa ulikuwa ukijengwa upya mbele ya macho yake. Mji huo ulikuwa tangu zamani ukijinadi kuwa umo ndani ya bustani, na nje yake kulikuwa na kitongoji cha Riverside kilichopangwa na Frederick Law Olmsted, kikiwa na njia zilizopindapinda na miti tele. Haijulikani kama Howard alikwenda kukitazama, lakini miaka minne aliyoishi huko ilimfunza jambo ambalo mkazi wa London hakuweza kulidhania kwa urahisi, kwamba mji mzima waweza kuanzishwa upya.

Alirejea Uingereza mwaka wa 1876 na kupata kazi ya kuandika kumbukumbu za mijadala ya Bunge na za kamati zake. Tafakari kazi yenyewe, msomaji. Siku nenda siku rudi mtu huyu alikaa kimya akinakili maneno ya wakubwa waliobishana juu ya makazi ya maskini, juu ya ardhi, juu ya kipindupindu, na aghalabu wakatawanyika bila kuafikiana. Mwaka wa 1879 alimwoa Eliza Ann Bills, wakajaliwa watoto wanne. Fedha hazikutosha kamwe. Kile kidogo alichobakisha alikitumbukiza katika uvumbuzi wake wa taipureta ya kuandikia hati mkato, mashine iliyomla fedha na muda na ambayo hata leo hakuna aikumbukaye.

Mwaka wa 1888 Mmarekani Edward Bellamy alitoa riwaya juu ya Marekani ya baadaye isiyo na ushindani wala ufukara. Howard aliisoma, ikamkosesha usingizi. Hata hivyo hakuipokea nzima nzima. Katika hadithi ya Bellamy serikali ndiyo yenye kila kitu, na Howard, aliyewasikiliza wanasiasa miaka nenda miaka rudi, hakuwa na imani nao kiasi hicho. Alitaka jambo dogo ambalo watu wangelianza wenyewe pasipo kungoja Bunge. Alilifanyia kazi kwa takribani miaka kumi, usiku baada ya kazi, na mwaka wa 1898 akakichapisha kitabu chake kwa mkopo wa pauni 50 aliopewa na rafiki. Kilitolewa tena mwaka wa 1902 kwa jina lililozoeleka zaidi, lenye kutaja miji ya bustani ya kesho.

Hebu tuutazame mpango wenyewe, kwa kuwa ndio kiini cha maisha yake. Jamii ya wadhamini inanunua ekari 6,000 za shamba, mahali ambapo ardhi bado ni rahisi; Howard alipiga hesabu ya pauni 40 kwa ekari. Ekari 1,000 za katikati ni mji wa watu 30,000. Ekari 5,000 zinazouzunguka ni mashamba, misitu na malisho, zenye watu 2,000, nazo hazijengwi kamwe. Mji ukishajaa haupanuki kuyala mashamba. Unaanzishwa mwingine ng'ambo ya ukanda huo, na reli inaiunganisha. Viwanda vimo, lakini vimewekwa pembeni kando ya reli, tena mitambo yao inaendeshwa kwa umeme ili moshi upungue. Taka za mji zinarudishwa mashambani kuwa mbolea. Katikati ya mji ipo bustani ya ekari 145. Na hapa walimu watege sikio: upo pia mkanda wa kijani wenye upana wa futi 420 unaozunguka mji, na ndani ya mkanda huo ndimo zilimo shule, katika viwanja sita vya ekari nne kila kimoja, pamoja na nyanja zake za michezo. Hakuna mkazi aliye mbali na kijani hicho zaidi ya yadi 240. Mtoto anakwenda shule kwa miguu, chini ya miti.

Yote hayo yanalipwa na nani? Ndipo penye maarifa ya Howard. Kila mkazi, mwenye duka na mwenye kiwanda analipa kodi ya kiwanja kwa wadhamini. Sehemu ya fedha hizo inalipa riba ya mkopo, sehemu inapunguza deni, na inayobaki inajenga barabara, shule na hata kuwatunza wazee. Kadiri mji unavyostawi na ardhi kupanda thamani, ndivyo mfuko wa umma unavyotuna. Hakuna bwana wa kunyakua kiwanja leo, akakaa kitako miaka kumi, kisha akakiuza kwa bei iliyotengenezwa na jasho la majirani.

Mwaka wa 1899 chama cha kueneza fikra hiyo kiliundwa. Kwa sadfa ya ajabu ndio mwaka reli ilipofika kwenye kinamasi chetu na mji wa Nairobi ukazaliwa. Mwaka wa 1903 kampuni ilinunua ekari zaidi ya 3,800 huko Letchworth, kaskazini ya London, na tarehe 9 Oktoba ikafanyika sherehe ya ufunguzi, wageni wakikanyaga matope chini ya mvua. Wasanifu Raymond Unwin na Barry Parker waliuchora mji. Howard alikuwa miongoni mwa wakurugenzi, ila hakuwa na mali, na katika kikao cha wenye mali sauti ya karani huwa ndogo. Wenye fedha na wenye viwanda walihofia kodi yenye kupanda; wakatoa viwanja kwa mikataba ya miaka 99 kwa kodi isiyobadilika. Kwa hiyo ule moyo wa mpango ulitiwa kovu kabla nyumba ya kwanza haijapata paa. Mkewe, aliyeziamini ndoto hizo wakati hazina hata senti, alifariki mwaka wa 1904 kabla ya kuhamia Letchworth.

Tangu hapo fikra ya Howard ilisafiri, na kila ilipofika ilipoteza mzigo njiani. Wajenzi walipenda miti na njia zilizopinda, wakayaacha mashamba, viwanda na hasa ile hesabu ya kodi. Nasi yalitufika. Mpango mkuu wa Nairobi wa 1948 ulikuwa na alama za mawazo hayo, jiji likigawanywa katika vitongoji vyenye shule na nafasi wazi. Mtaa wa Kaloleni, uliojengwa miaka ya 1940 kwa wafanyakazi Waafrika, ulipewa nyumba fupi, uwanda wa nyasi na ukumbi wa jamii katikati. Lakini ulikuwa mpango wa jiji la kikoloni; kivuli kikubwa cha miti kilibaki upande wa matajiri, na ardhi haikuwa ya wakazi.

Nilisoma katika shule ya msingi yenye uwanja wa kandanda na safu ya mikaratusi. Tulirudi likizo moja tukakuta nusu ya uwanja imezungushiwa ukuta wa mawe. Mwalimu mkuu aliandika barua, wala hakujibiwa. Tume ya Ndung'u, iliyoundwa mwaka wa 2003 na kutoa ripoti mwaka wa 2004, ilionyesha jinsi viwanja vya shule, akiba za barabara na misitu ya umma ilivyogawiwa watu binafsi kinyume cha sheria. Niliposoma habari zake ndipo nilipomwelewa Howard. Uwanja wetu haukupotea kwa kukosa wapenda miti, maana miti tuliipanda wenyewe kila msimu wa mvua. Ulipotea kwa kuwa bei yake ilikuwa imepanda, na hapakuwa na chombo kilicho mikononi mwa wakazi cha kuilinda faida hiyo.

Howard hakukata tamaa. Mwaka wa 1919, akikaribia umri wa miaka 70, alisikia kwamba mashamba ya Welwyn yananadiwa. Hakuwa na fedha. Alizunguka kwa marafiki akichangisha arubuni, akaenda mnadani na kununua takribani ekari 1,458 kwa pauni 51,000, na upungufu wa arubuni akakopeshwa papo hapo na wakala wake. Wenzake wengi waliona ni wazimu. Mji ulijengwa, ukapangwa na Louis de Soissons, na Howard akahamia humo. Alitunukiwa cheo cha Sir mwaka wa 1927, akafariki Welwyn tarehe 1 Mei 1928, angali akihangaika na taipureta yake. Alizikwa Letchworth.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni moja ilijaribu kuitwaa Letchworth yote kwa kununua hisa zake. Wakazi walipinga, na mwaka wa 1962 Bunge likapitisha sheria ya kuikabidhi ardhi hiyo kwa shirika la umma. Mwaka wa 1995 mali yote ilihamishiwa wakfu maalumu wa mji, na kodi za maduka, viwanda na mashamba ya Letchworth sasa hurudi kuwatumikia wakazi wenyewe, karibu sawa na alivyoandika yule karani mwaka wa 1898.