Korotkov, tabibu aliyezisikiliza ateri

Mzee wa Diani au Msambweni anayefungwa mkanda wa presha, muuguzi akisikiliza kwa stetoskopu, hunufaika na kazi ya daktari wa Kirusi ambaye huenda hajapata kulisikia jina lake. Nikolai Korotkov alizaliwa mjini Kursk mwaka 1874, katika familia ya wafanyabiashara, akahitimu udaktari Moscow mwaka 1898.

Vita vya Urusi na Japani, vya 1904 hadi 1905, vilimpeleka Harbin kuwapasua askari waliojeruhiwa mishipa ya damu. Swali lililomsumbua lilikuwa moja: ateri ikifungwa, mguu utapona au utaoza? Akawa anaibana ateri na kuitegea sikio, akagundua kwamba inapobanwa hutoa sauti kwa mpangilio maalumu.

Mwitaliano Scipione Riva-Rocci alikuwa amekwisha kubuni mkanda wa kujazwa hewa mwaka 1896, lakini kwa kupapasa mapigo alipata presha ya juu tu. Novemba 1905, mjini St Petersburg, Korotkov alieleza, kwa maneno yasiyojaza hata ukurasa mmoja, kwamba hewa inapopunguzwa, sauti ya kwanza huonyesha presha ya juu, na kutoweka kwa sauti huonyesha ya chini. Wapinzani walidai sauti hiyo yatoka moyoni. Akawajibu kwa majaribio ya wanyama.

Namba hiyo ya pili ndiyo zawadi yake. Ateri laini hutanuka moyo unaposukuma damu, kisha hujirudi. Iliyokakamaa haitanuki ipasavyo, hivyo namba ya juu hupanda na ya chini huweza kushuka. Mwenye 120 kwa 80 ana pengo la 40. Mzee mwenye 160 kwa 70 ana pengo la 90, dalili isiyofaa kupuuzwa hata kama namba ya chini inapendeza.

Kwa njia ya kupima presha, Daktari C. P. Donnison alichunguza watu 1,000 wa Kavirondo Kusini, hapa Kenya, akachapisha mwaka 1929 kwamba presha yao haikupanda kwa uzee. Kliniki za Pwani leo zingeshangaa.

Korotkov hakubaki mjini kufurahia sifa. Alikwenda Siberia kuwatibu wachimbaji dhahabu wa Lena, ambako mwaka 1912 wanajeshi waliwapiga risasi wafanyakazi waliogoma. Alifariki Machi 1920, akiwa na umri wa miaka 46.