Krapf na Yule Nyoka wa Mwanzo 3

Kwenye vikundi vyetu vya nyumbani, kuanzia Mukuru mpaka huku Industrial Area, kuna swali haliishi: yule nyoka wa Edeni ni nyoka tu ama ni Shetani? Leo nawaletea habari za Ludwig Krapf, maana yeye alipambana na sura hiyo zaidi ya miaka 50 kabla reli haijafika Nairobi.

Alizaliwa Ujerumani mwaka 1810, akahubiri Ethiopia, na alipozuiwa kurudi huko akaja pwani. Mwaka 1844 akafika Mombasa na mkewe Rosine. Mwezi wa Juni akaanza kutafsiri Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa, Ali bin Modehin. Ndiyo, kadhi! Najua wengine mtakunja uso, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Sasa hapo pana jambo. Watu wa Mombasa walikuwa wanawajua Adamu na Hawa tangu zamani. Lakini kwenye Kurani anayewadanganya ni Shetani; nyoka hatajwi. Mwanzo nayo inamtaja nyoka, Shetani haimtaji. Mfasiri afanyeje? Hawezi kuongeza jina ambalo halikuandikwa. Nyoka abaki nyoka, hadi msomaji afike Ufunuo 12:9, ndipo amkute na jina lake. Na mzao wa mwanamke, ile aya ya 15, ni vivyo hivyo: kanisa limemwona Kristo pale tangu kale, ila aya yenyewe haimtaji. Mimi naona tukiruka hatua hiyo tunahubiri mawazo yetu tu.

Kazi haijaenda mbali, Julai ikafika. Rosine alijifungua mtoto wa kike, na homa ilikuwa nyumbani. Mama akafa, na siku chache baadaye mtoto naye. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kwa homa hiyo. Walizikwa upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa, kule Nyali. Uchungu wa kuzaa, kurudi mavumbini: yote yamo kwenye sura ileile ya tatu. Yeye hakuhitaji mtu wa kumfafanulia.

Hakuacha. Mwaka 1847 sura tatu za kwanza zilichapishwa Marekani. Tatu tu, na zinaishia pale makerubi wanapoilinda njia ya mti wa uzima.