Kivoi: Mpangaji wa misafara kabla ya lami

Ukisimama Kiboko, kando ya barabara ya Mombasa, utaona malori yakipita usiku na mchana. Kila lori lina watu nyuma yake wanaojua limebeba nini, linaendeshwa na nani na litafika lini. Sasa jiulize: kabla ya lami na reli, kazi hiyo ilifanywa na nani huku Ukambani?

Mmoja wao alikuwa Kivoi wa Mwendwa, mfanyabiashara mkubwa wa Kitui. Yeye hakuwa na gari. Mzigo ulibebwa na watu, kwa miguu. Pembe za ndovu zilishuka pwani. Nguo, shanga na nyaya za shaba zikapanda bara.

Usidhani ilikuwa kuamka tu na kushika njia. Kiongozi wa msafara alipaswa kujua maji yako wapi, chakula kitatosha siku ngapi, walinzi ni kina nani na ni wazee gani wa kupewa zawadi ili njia ifunguke. Akikosea hesabu ya maji tu, watu wanakufa nyikani.

Mwaka 1849, Kivoi alimpokea kwake mmisionari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf. Kivoi ndiye aliyemsimulia kuhusu mlima wenye weupe kileleni, na tarehe 3 Desemba Krapf akauona kwa macho yake kutoka Kitui. Ni Mlima Kenya.

Mwaka 1851 Krapf alirudi, wakaondoka pamoja kuelekea mto Tana. Walipokaribia mto, wanyang'anyi wakawavamia. Kivoi akauawa, na msafara wote ukasambaratika hapo hapo. Krapf alibaki peke yake porini, njaa inamuuma, akitia maji kwenye mtutu wa bunduki ili asife kiu. Aliporudi, jamaa za Kivoi walimlaumu kwa kifo hicho, ikabidi atoroke usiku.

Mpango mzuri ukikaa kwa mtu mmoja, akianguka yeye, safari imekwisha. Kwa hiyo wewe kijana mwenye kikundi cha bodaboda pale stejini, jiulize: mwenyekiti wenu asipokuja kesho, kuna mwingine anayejua zamu, akiba na nambari za wateja? Kama hakuna, andikeni leo, na daftari lisikae kwa mtu mmoja.