Ivan Pavlov, mtoto wa padre aliyeacha seminari

Ivan Pavlov alizaliwa mwaka 1849 huko Ryazan, Urusi. Baba yake alikuwa padre wa Kiorthodoksi (kwao mapadre wa parokia huwa na wake), naye Ivan, kifungua mimba, alitarajiwa kufuata njia hiyo hiyo. Aliingia seminari ya Ryazan. Mwaka 1870, kabla hajamaliza, aliondoka kwenda Chuo Kikuu cha St Petersburg kusoma sayansi. Vitabu vilikuwa vimemvuta, hasa kile cha Sechenov juu ya ubongo.

Mwaka 1904 alipewa Tuzo ya Nobel kwa utafiti wake wa jinsi chakula kinavyosagwa mwilini. Katika kazi hiyo aliona mbwa wakitokwa na mate kabla ya kuonja chochote, kwa kusikia tu hatua za mlishaji. Wengi wetu tunaishia hapo, tukikumbuka kengele.

Lakini kuna sehemu ya pili, na kwangu ndiyo nzito zaidi. Mbwa akishajifunza kwamba mlio fulani huleta chakula, hutokwa na mate hata kwa milio mingine ambayo hajawahi kulishwa nayo, mradi inafanana na ule wa kwanza. Kadiri unavyofanana, ndivyo mate yanavyozidi. Ndivyo ilivyo hata kwa ngozi: akizoeshwa kuguswa pajani, ataitikia pia akiguswa jirani na hapo. Kufananisha huja kwenyewe. Kutofautisha ndiko kunakofundishwa, kwa kulisha kwenye mlio mmoja na kunyima kwenye mwingine, tena na tena.

Na kuna kikomo. Katika maabara yake mbwa mmoja alifunzwa kwamba duara ni chakula na duaradufu si chakula. Kisha duaradufu ikasogezwa polepole kuelekea umbo la duara. Zilipokaribia kulingana, mbwa aliyekuwa mtulivu alianza kulia na kung'ata vifaa, na hata tofauti ile rahisi ya mwanzo ikamshinda.

Septemba 1924 mafuriko yalivamia Leningrad, na mbwa wa Pavlov waliokolewa maji yakiwa yamewafika vichwani. Baadhi walipoteza yote waliyofunzwa. Mmoja alipopata nafuu, maji kidogo tu yalipitishwa chini ya mlango, akavurugika upya. Kwake, kijito kile kilikuwa mafuriko yale yale.

Mwaka huo huo watoto wa mapadre walikuwa wakifukuzwa katika Chuo cha Tiba cha Jeshi, alikofundisha miaka mingi. Hakuna aliyeuliza kijana huyu au yule amefanya nini. Kazi ya baba ilitosha. Naona wenye mamlaka hawakumzidi mbwa ambaye bado hajafundishwa kutofautisha. Pavlov, ambaye wakati huo hakuwa tena mwamini, aliwaambia kwamba naye ni mtoto wa padre, akajiuzulu. Wapo wanaomlaumu kwamba alimshusha binadamu akawa kama mnyama. Wangeanza na tendo hili.

Serikali iliendelea kumgharimia maabara, naye aliendelea kuilaumu waziwazi kwa kuwatesa waamini. Mkewe Serafima alishika imani yake, yeye hakuirudia. Alifariki Leningrad Februari 1936, akiwa na miaka 86.