Alan Turing: Aliyeandika programu ya sataranji kabla ya kompyuta ya kuicheza

Machi 1940, Mkanada John Williamson aligundua mwamba wa almasi Mwadui, Shinyanga. Kule Geita, dhahabu ilikuwa tayari inachimbwa. Wakati huohuo, Bletchley Park nchini Uingereza, kijana wa miaka 27 alikuwa akichimba kitu kingine kabisa: siri za jeshi la Ujerumani.

Jina lake Alan Turing. Wengi wanamjua kama baba wa kompyuta. Wachache wanajua kwamba jamaa huyu alikuwa pia miongoni mwa watu wa kwanza kujaribu kuifundisha mashine kucheza.

Mashine ya kichwani

Turing alizaliwa London, Juni 23, 1912. Alisoma hisabati Chuo Kikuu cha Cambridge. Mwaka 1936 aliandika makala kuhusu mashine ya kufikirika ambayo, ikipewa maelekezo sahihi, ingefanya hesabu ya aina yoyote. Simu iliyo mkononi mwako imetokana na wazo hilo.

Vita ilipoanza mwaka 1939, aliitwa Bletchley Park. Akijenga juu ya kazi ya wanahisabati wa Poland, alisanifu mashine iliyosaidia kufumbua ujumbe wa siri wa Enigma.

Baadhi ya wenzake pale walikuwa mabingwa wa sataranji (chesi), akiwemo Hugh Alexander. Turing mwenyewe? Mchezaji wa kawaida tu, na kufungwa alifungwa sana. Lakini swali lilimkaa kichwani: mtu anachaguaje pa kucheza, na je, mashine inaweza kuchagua?

Nusu saa kwa hatua moja

Mwaka 1948, yeye na rafiki yake David Champernowne walianza kuandika programu ya sataranji, Turochamp. Tatizo ni kwamba hapakuwa na kompyuta yenye uwezo wa kuiendesha.

Basi mwaka 1952 Turing akawa kompyuta yeye mwenyewe. Alicheza na Alick Glennie huku akifuata maelekezo yake kwenye karatasi, akipiga hesabu kwa mkono. Hatua moja ilichukua kama nusu saa. Programu ilifungwa, lakini mchezo wenyewe uliingia kwenye historia.

Siri ilikuwa kuhesabu alama. Kitunda ni 1, farasi 3, ngome 5, malkia 10. Mashine inaangalia mbele, inajumlisha, inachagua njia yenye faida.

Go ni habari nyingine

Turing alicheza pia Go, mchezo wa kale kutoka China, na ndiye aliyemfundisha mwenzake wa Bletchley, Jack Good. Mwaka 1965, Good aliandika katika jarida la New Scientist kuhusu mchezo huo na ugumu wa kuifundisha kompyuta.

Ubao wa Go una sehemu 361 za kuweka mawe. Kwenye sataranji, mchezaji huwa na wastani wa njia kama 35 za kuchagua kila zamu. Kwenye Go ni kama 250.

Na si wingi tu. Mawe ya Go yote yanafanana, kama kete za bao, au za isolo inayochezwa na Wasukuma. Kete haina bei yake, inategemea imekaa wapi na wenzake wako wapi. Sasa mashine ihesabu nini?

Mchimbaji wa Geita anaelewa. Huwezi kupeleka kila jiwe la mlimani kwenye karasha. Unahitaji jicho la mzoefu linaloona jiwe lipi libebwe na lipi liachwe. Hilo jicho ndilo kompyuta haikuwa nalo.

Mwaka 1950, Turing alikuwa ameshapendekeza njia: tengeneza mashine kama mtoto, kisha ifundishe.

Mwisho mchungu

Hakuishi kuona matokeo. Mwaka 1952 alitiwa hatiani kwa uhusiano wa kimapenzi na mwanaume, jambo lililokuwa kosa la jinai Uingereza. Ili asifungwe jela, alikubali kupewa dawa za homoni. Alipoteza pia kibali cha kufanya kazi za siri za serikali, serikali ileile aliyoitumikia vitani. Juni 7, 1954 alifariki kwa sumu ya sayanaidi, akiwa na miaka 41. Uchunguzi ulisema alijiua.

Mwaka 1997, kompyuta Deep Blue ilimfunga bingwa wa dunia wa sataranji, Garry Kasparov, kwa nguvu ya kuhesabu. Kwenye Go ilibidi kusubiri hadi Machi 2016, AlphaGo ilipomfunga Lee Sedol wa Korea Kusini 4-1. Hiyo haikushinda kwa kuhesabu pekee. Ilijifunza kutoka michezo ya watu, kisha ikacheza yenyewe kwa yenyewe mara nyingi mno, mpaka ikapata jicho.

Desemba 2013, Turing alipewa msamaha wa kifalme na Malkia Elizabeth II, yule yule aliyepewa na Williamson almasi ya waridi ya Mwadui kama zawadi ya harusi mwaka 1947. Almasi ilimfikia mapema. Haki ya Turing ilichelewa miaka 59 baada ya kaburi.