Parmentier na Mbatata Zake

Nikaangapo chipsi nyumbani, kando zikingoja steki ya ng'ombe aliyechinjwa kwa Bismillahi, humkumbuka Mfaransa Antoine-Augustin Parmentier, aliyezaliwa 1737. Alikuwa mfamasia jeshini. Vitani akatekwa na Waprusi, akalishwa mbatata kifungoni. Kwao Ufaransa zilikuwa chakula cha nguruwe, zikisingiziwa kuleta ukoma, na huku ngano ikikosekana watu wafa njaa. Yeye alitoka mzima, hana hata upele! Akazitetea, madaktari wa Paris wakazipitisha mwaka 1772. Lakini nani wa kuzila? Yasimuliwa kuwa shamba lake la Sablons lililindwa na askari mchana, usiku wakaondolewa makusudi, wanakijiji wakaziiba wakazipanda. Hila hiyo naipenda. Alifariki 1813. Kaburini kwake, Paris, wapitao humwekea mbatata.