Otenyo wa Kitutu na Ng'ombe wa Wakisii

Tumezoea katika kurasa hizi kueleza khabari za Masahaba na maulamaa, Mwenyezi Mungu awawie radhi. Mara hii tutaeleza maisha ya mtu ambaye hakuwa Mwislamu, wala dini yetu hakufikishiwa na yeyote. Huyo ni Otenyo Nyamaterere, Mkisii wa Kitutu, aliyeuawa na Serikali ya Kiingereza mwaka 1908. Huenda msomaji akauliza: mtu wa bara, asiyekuwa wa mila yetu, ana nini nasi? Ana hili, kwamba watu wake walikuwa na mapenzi makubwa kwa wanyama waliokuwa mikononi mwao, na huruma kwa mnyama ni jambo ambalo sisi tumeamrishwa na wengi wetu hatulitimizi. Tena liko jambo la pili linalotuhusu sisi khasa, nalo tutalisema litakapofika mahala pake.

Nchi ya Wakisii ni nchi ya milima na mvua, upande wa mashariki wa Ziwa Nyanza. Leo imegawika kaunti mbili, Kisii na Nyamira, na Kitutu yenyewe imekatwa katikati: Kitutu Chache iko Kisii, na Kitutu Masaba iko Nyamira. Watu wa pwani wengi huijua nchi hiyo kwa ndizi zake, na kwa mawe laini ya Tabaka yachongwayo sahani na vinyago vinavyouzwa hatta Mombasa. Lakini babu zao hawakujivunia ndizi wala mawe. Chakula chao kilikuwa wimbi, na fahari yao ilikuwa ng'ombe.

Otenyo alikua katika zama ambazo kijana wa Kikisii, akishatahiriwa na kupata nguvu, hakulala tena nyumbani kwa mamaye. Alikwenda kukaa na vijana wenziwe katika maboma ya ng'ombe, ambayo kwa lugha yao boma moja huitwa ekeisarate. Boma hilo lilizungushiwa ua madhubuti, ng'ombe wakalala ndani, na vijana wakalala karibu nao na mikuki yao. Sababu ilikuwa dhahiri. Majirani zao Wakipsigis walikuwa wakija usiku kuteka mifugo, na wao Wakisii nao walikuwa wakienda kuteka. Mwishoni mwa karne ya 19 mataifa mawili hayo yalipigana vita vikubwa mahala paitwapo Osaosao, na Wakisii wakashinda. Na kabla ya hapo, mwanzoni mwa miaka ya 1890, sotoka ilikuwa imepita Afrika Mashariki nzima ikaua ng'ombe wasiohisabika. Kwa hivyo kizazi cha Otenyo kilikuwa kizazi kilichojua maana ya kuamka asubuhi na kukuta zizi tupu.

Mtu aliyezaliwa mjini hawezi kuyaelewa haya upesi. Sisi tukiona ng'ombe twaona nyama na maziwa, na bei yake. Mchungaji haoni hivyo. Yeye huwajua mmoja mmoja kwa rangi na kwa pembe, hujua yupi mamaye yupi, yupi hukubali kukamwa na mkono wa nani, na yupi akisikia sauti ya mwenyewe huja mbio. Amemvuta ndama tumboni mwa mamaye kwa mikono yake, na mvua ya usiku imewanyeshea pamoja. Mapenzi ya namna hii hayafundishwi na mtu. Huingia moyoni polepole, kama yaingiavyo mapenzi ya mtoto.

Na kwa Wakisii kulikuwa na fundo jingine lililozidi kukaza mapenzi hayo. Mahari yao ni ng'ombe. Binti akiolewa, ng'ombe walioletwa kwa ajili yake ndio ambao nduguye mwanamume huwatoa naye akaoa. Basi yule ndugu hubaki maisha yake yote na deni la heshima kwa dada yake, na yule dada hubaki na haki nyumbani kwa nduguye na kwa watoto wake, kwani nyumba hiyo imesimama kwa ng'ombe wake. Kwa hivyo ng'ombe mmoja katika zizi si mnyama tu. Ni udugu wa watu wawili, na ni ndoa mbili. Mtu akija akamswaga akaenda naye, amebomoa mengi asiyoyaona.

Hatusemi kuwa kila walilolifanya Wakisii na mifugo yao lilikuwa jema. Walichinja kwa ajili ya mizimu ya wazee wao, na hiyo ni shirki isiyo na tafsiri nyingine. Lakini tusitoe jicho kwa shirki ya mwenzetu wa bara na ilhali makaburini kwetu pia mbuzi huchinjwa.

Ama kumpenda mnyama na kumhurumia, hilo halina aibu yoyote katika dini. Mtume wetu (s.a.w.) aliingia bustani ya mmoja wa Ansari, ngamia aliyekuwamo akamwona akalia, naye akampangusa nyuma ya masikio mpaka akanyamaza, kisha akamwita mwenyewe akamkanya kwa kumweka na njaa na kumchosha. Na safari moja Masahaba walichukua vifaranga wa ndege, mama yao akaja akawa anapapatika juu yao, na Mtume (s.a.w.) akaamrisha warejeshwe kwa mama yao. Msomaji na aikumbuke khabari ya ndege huyo. Na Abu Hurayra, ambaye hatuna kitabu cha hadithi kisichokuwa na jina lake, jina hilo alilipata kwa paka. Sisi twayasoma haya kila mwaka, kisha twatoka nje twampita punda wa mkokoteni mwenye kidonda mgongoni, anapigwa kwa kigongo, wala hatusemi kitu. Hapo Lamu palihitajika wageni kutoka Uingereza waje kufungua mahala pa kutibu punda. Wametenda jema, wala si aibu yao. Ni yetu.

Sasa turejee kwa Otenyo. Mwaka 1905 Serikali ya Kiingereza ilituma jeshi katika nchi ya Wakisii. Watu waliikabili bunduki ya bombomu kwa mikuki na ngao, wakafyekwa, na ng'ombe wao kwa maelfu wakaswagwa wakaenda zao. Mwaka 1907 pakafunguliwa boma la Serikali mjini Kisii, na bwana mkubwa wake akawa kijana wa Kiingereza, Geoffry Northcote, ambaye Wakisii walimpa jina la Nyarigoti. Kazi yake ilikuwa kutoza kodi na kukata watu shauri, na faini yake ilikuwa mifugo. Wenyeji waliona kuwa wale majirani wa kuteka usiku wamekwisha, na amekuja mtekaji wa mchana mwenye daftari.

Kule Kitutu alikuwako bibi mmoja aitwaye Moraa, mganga mwenye kusikilizwa. Masimulizi ya Wakisii yasema kwamba Otenyo alikuwa mtoto wa nduguye, na kuwa ndiye aliyewahimiza vijana, akiwatahayarisha kwa kukaa kitako na hali maboma yao yanakauka. Uganga wake hatuuamini. Lakini uchungu wake hauhitaji uganga kuelezwa. Ni uchungu wa kila mwanamke wa nchi ile, ambaye mahari yake mwenyewe ilikuwa ikitembea kwa miguu minne katika zizi la nduguye.

Januari 1908, Northcote alipokuwa katika safari ya kukamata ng'ombe huko Kitutu, Otenyo alimvizia njiani akamchoma mkuki mgongoni. Alidhani amemuua. Northcote hakufa, alichukuliwa akatibiwa akapona, akaishi mpaka akawa Gavana wa Hong Kong. Sisi hatupendi mtu kuviziwa kwa nyuma, na katika sharia yetu vita vina adabu zake. Lakini mwenye kutaka kumhukumu Otenyo na apime kwanza yaliyofuata, aone mizani imeelemea wapi.

Kwani kwa mkuki mmoja ambao haukuua, lilitumwa jeshi zima. Vijiji vilitiwa moto, vyakula vikateketezwa, ng'ombe na mbuzi wakatwaliwa tena, na watu wakauawa kwa wingi hatta Winston Churchill, aliyekuwa akitumika London katika Wizara ya Makoloni na ambaye hakuwa mtu wa huruma nyingi kwa watu weusi, alistuka kwa khabari zile, akahoji ulazima wa kuendelea kuwaua watu wasio na kinga. Otenyo alikamatwa akauawa mjini Kisii mwaka huo huo. Jamaa zake husema kuwa kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Uingereza, nao mpaka zama zetu hizi wamekuwa wakikidai kirejeshwe wakizike.

Na hapa ndipo pahala pa lile jambo la pili. Jeshi hilo lilikuwa la Keya, na maafisa wake walikuwa Wazungu. Lakini Keya wa miaka ile, askari wake wengi walikuwa nani? Walikuwamo Wasudani, na walikuwamo Waswahili wa pwani yetu. Walikuwa watu wa kusali na kufunga, wenye majina kama yetu. Mji wa Kisii una Wanubi hatta leo, na asili yao ni askari hao. Basi wakati ambapo mchungaji wa Kitutu alimwona Mwislamu kwa mara ya kwanza katika maisha yake, hakumwona ameshika msahafu. Alimwona ameshika bunduki, anamswaga ng'ombe wa dada yake, na ndama ameachwa nyuma analia. Vifaranga wa yule ndege walirejeshwa kwa amri ya Mtume (s.a.w.). Ndama wa Kitutu hakurejeshewa mamaye, na waliomtenga naye wengine walikuwa umma wa Mtume yule yule.

Tutaambiwa kuwa walikuwa askari, na askari hana amri. Ni kweli kuwa hakuwa na amri juu ya bunduki. Lakini sisi tuliobaki mijini, tuliokuwa na vyuo na misikiti, ni nani aliyetuzuia kupeleka mwalimu mmoja kule nyuma ya askari mia? Wamisionari hawakuzuiwa. Katika miaka michache ile walifika Wakatoliki na Waadventista, wakajenga, wakajifunza lugha ya watu, wakafungua skuli na zahanati; na leo msafiri akipita Kisii na Nyamira ataona makanisa yao juu ya kila kilima. Watu hulaumu kuwa Wakisii hawakuukubali Uislamu. Sisi twauliza waliletewa na nani, na kwa sura gani.

Baada ya Otenyo, mambo ya ng'ombe hayakurudi kama yalivyokuwa. Serikali iliyafuta yale maboma ya vijana kabla ya vita vikuu. Septemba 1914 Waingereza na Wadachi walipigana Kisii kwenyewe, mji ukaporwa, na wenyeji wakatozwa tena kwa mifugo yao. Kisha watu wakaongezeka na ardhi ikapungua. Leo katika Kitutu mashamba ni membamba, yamejaa chai na migomba, na hakuna malisho ya kundi. Mwenye nyumba huwa na ng'ombe mmoja au wawili wa maziwa, amewafungia bandani karibu na mlango wake, na kila siku humkatia kila mmoja majani ya matembo akamchukulia mgongoni. Ukipita alfajiri utamsikia anaongea naye akimkama.